Waasi Wavukao Ruzizi

Ruzizi ni mto mfupi. Unatoka kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, pale mtaa wa Nguba, mjini Bukavu upande wa Kongo, unaposhuka kuelekea mpakani, unapita chini ya daraja, kisha unaporomoka mabondeni hadi Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita mia moja kusini. Asubuhi daraja ni la akina mama. Wanapita na mabeseni kichwani na vitambulisho mkononi, wanakwenda kuuza na kununua upande wa Rwanda, na jioni wanarudi na unga, nyama au nyanya. Lakini katika historia ya Bukavu wapo waliovuka kwa namna nyingine, wakiwa wamebeba bunduki zao na kuikimbia nchi: askari walioasi. Walivuka mwaka 2004. Walivuka mwaka 1967. Na kabla hapajakuwa na daraja wala mji, wengine waliingia ardhi ya Wajerumani mwaka 1900. Nimeifuata njia yao kinyumenyume, kuanzia ya juzi hadi ya kale, kwa sababu nimeshawishika kwamba mpaka huu tunaoupanga foleni kila siku, kwa sehemu kubwa, ulichorwa na nyayo zao.

Waingereza humwita askari wa namna hiyo "mutinous", sifa waliyoichukua kwa Wafaransa katika karne ya 16. Kwa Wafaransa mutin limetokana na meute ya zamani, yaani ghasia ya watu walioinuka, na nyuma yake kuna kitenzi cha Kilatini cha kusogea na kutikisika. Meute hiyohiyo leo ni kundi la mbwa wa kuwindia. Kinachonisumbua katika Kifaransa tulichofundishwa shuleni ni kwamba mutin ni pia sifa ya mtoto mtundu mwenye macho ya uchokozi. Mwalimu anaweza kulisifia tabasamu la binti kwa neno hilo mchana, na usiku redio ikatangaza kwamba les mutins wameteka kambi. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo mawili. Mtoto ni mtundu, ni mtukutu, akizidi ni mkaidi. Muasi ni habari nyingine kabisa. Kuasi, neno tulilolipata kwa Kiarabu, ni kuuvunja utii kwa aliye juu yako: Mungu, mzazi, mtawala. Anayeitwa muasi hashitakiwi kwa fujo tu, anashitakiwa kwa kuvunja kiapo. Ndiyo sababu kila anayeishika Bukavu hulipenda neno hili, na ndiyo sababu kila mara inafaa kuuliza kiapo kilivunjwa kwanza na nani.

Tuanze na ya juzi. Ijumaa tarehe 14 Februari 2025, waasi wa M23 waliuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kaskazini mwa mji. Jumapili tarehe 16 walikuwa katikati ya Bukavu, na jeshi la serikali lilikuwa limekwisha kuondoka kuelekea Uvira. Jina lao linatokana na tarehe 23 Machi 2009, siku serikali ya Kinshasa ilipotia saini mapatano na CNDP, kundi lililoanzishwa na Laurent Nkunda. Mwezi wa Aprili 2012 askari waliotoka CNDP wakajitoa jeshini, wakidai mapatano yale hayakutimizwa. Hapo ndipo M23 ilipozaliwa: ilianza kama maasi ya kambini, na tangu mwanzo ilidai kwamba aliyevunja ahadi ni mwingine. Kuhusu mkono wa Kigali ndani yake, ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika mengi, na mkazi wa Bukavu hahitaji ripoti ili ajue risasi zilitoka upande gani.

Nkunda huyohuyo ndiye anayetupeleka nyuma hadi 2004. Miaka hiyo nchi ilikuwa katika serikali ya mpito. Jeshi lilikuwa linaunganishwa kutokana na majeshi yaliyokuwa yakipigana kwa miaka mitano, na Bukavu, iliyokuwa chini ya waasi wa RCD-Goma tangu 1998, ilipelekewa makamanda kutoka Kinshasa. Februari 2004 Kanali Jules Mutebutsi, naibu kamanda wa mkoa wa kijeshi aliyetoka RCD-Goma, alimshambulia mkuu wake, Jenerali Prosper Nabyolwa, kwa sababu ya ofisa aliyekamatwa. Mwisho wa Mei vita vikaanza mjini. Nkunda akateremka kutoka Kivu Kaskazini na watu wake akisema anakuja kuwaokoa Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kivu Kusini, wasiuawe, na tarehe 2 Juni mji ukawa mikononi mwao. Banyamulenge kweli waliuawa siku zile, na wengi walivuka mto kwa hofu. Ni kweli vilevile kwamba askari wa Nkunda na Mutebutsi walipora soko na nyumba, na waliwabaka wanawake na wasichana nyumba kwa nyumba, wengine mbele ya wazazi na watoto wao. Mambo hayo yalichunguzwa na kuandikwa na mashirika ya haki za binadamu. Nayataja yote mawili kwa sababu mjini mwetu kila mtu amezoea kulitaja moja.

Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwepo na hakikuuzuia mji usitekwe. Hasira ilitoka Bukavu ikafika Kinshasa na Kisangani, ambako vijana walizishambulia ofisi na magari ya Umoja wa Mataifa. Baada ya wiki moja waasi waliondoka mjini. Jenerali Mbuza Mabe wa jeshi la serikali aliingia, na watu wa Bukavu walimpokea kwa shangwe ambayo bado inasimuliwa. Mutebutsi alishuka na watu wake hadi uwanda wa Ruzizi, na kabla Juni haijaisha alivuka na askari karibu mia tatu kuingia Rwanda. Hakurudi. Alifariki Kigali mwaka 2014.

Hatua inayofuata ni ndefu zaidi, na hapo nataka tukae kidogo. Wazee wa Bukavu wakisema "vita vya Schramme" hawahitaji kueleza zaidi. Jean Schramme alikuwa Mbelgiji, mwenye shamba huko Yumbi, ambaye wakati wa kujitenga kwa Katanga alijitengenezea kikosi chake cha silaha. Kikosi hicho kilipitia mikono mingi. Katanga ilipoangushwa mwanzoni mwa 1963, askari wake wengi walikimbilia Angola. Mwaka uliofuata Moïse Tshombe, aliyekuwa rais wao wa Katanga, akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, akawaita warudi wapigane na waasi wa Simba. Wakarudi, wakapigana na kushinda vita vya serikali. Kisha Tshombe akaondolewa madarakani, Mobutu akachukua nchi tarehe 24 Novemba 1965, na ghafla watu walewale wakawa jeshi lisilo na mwenyewe. Julai 1966 waliasi Kisangani, wakilalamikia pamoja na mengine mishahara yao. Maasi yakazimwa, lakini hapakuwa tena na imani kati yao na Kinshasa.

Tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyopanda Tshombe ilitekwa angani na kupelekwa Algiers. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 5 Julai, watu wa Schramme na wa Mfaransa Bob Denard walishambulia Kisangani. Bukavu na Kindu nazo ziliguswa siku hiyohiyo. Denard alijeruhiwa akapelekwa Rhodesia. Schramme alikwama, akakusanya magari, akaanza safari ndefu ya msituni kuelekea mashariki, na katika siku za kwanza za Agosti akaichukua Bukavu. Alikuwa na mamluki wazungu wasiozidi mia mbili, na askari wa Katanga mamia kadhaa, wengi wao wakiwa wamefuatana na wake na watoto wao. Juu yao aliwekwa Kanali Leonard Monga, mtu wa Katanga, atangaze serikali ya kuokoa taifa. Mobutu akapewa siku kumi ajadiliane nao. Siku kumi zikapita.

Kwa miezi mitatu Bukavu ilikuwa mji uliozingirwa. Wakazi wengi walikimbilia mashambani au ng'ambo ya mto. Nyumba zilizoachwa za rasi na za barabara ile kuu, ambayo Wabelgiji waliiita Avenue Royale na sisi tunaiita Avenue Lumumba, ziliporwa na wote waliopita. Ndege za serikali zilirusha mabomu. Mji huu umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Ni pazuri kutazama, lakini askari anayezingirwa hapo ana maji pande tatu mgongoni na njia moja tu ya kutokea, nayo ni daraja la Ruzizi. Schramme aliijua njia hiyo tangu siku ya kwanza. Septemba viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Kinshasa na kudai mamluki waondoke. Mwisho wa Oktoba jeshi la taifa lilianza shambulio kubwa. Denard alijaribu kuwasaidia kwa kuingia Katanga kutoka Angola na kikundi cha watu, wengine wakipanda baiskeli, na jaribio hilo halikufika mbali. Jumapili tarehe 5 Novemba 1967 waasi walivuka daraja, wakakabidhi silaha Cyangugu, upande wa Rwanda.

Hapo ndipo njia yao inapogawanyika, na kwangu ndipo penye uchungu wa habari yote. Mamluki wazungu walizuiliwa Rwanda kwa miezi. Rais Grégoire Kayibanda alikataa kuwatoa kwa Mobutu, na Mobutu akavunja uhusiano na Rwanda kwa sababu hiyo. Aprili 1968 ndege za Msalaba Mwekundu ziliwarudisha Ulaya. Schramme aliandika kitabu chake kilichotoka mwaka 1969, akaishia Brazil, na huko akafa mwaka 1988, miaka miwili baada ya mahakama ya Ubelgiji kumhukumu akiwa hayupo kwa mauaji ya Mbelgiji mwenzake. Askari wa Katanga nao waliahidiwa msamaha, wakarudishwa Kongo. Wapo wanahistoria wanaoandika kwamba wengi wao waliuawa baadaye. Wote walikuwa wamefanya kosa lilelile, siku ileile, kwenye daraja lilelile. Wazungu waliitwa mamluki na wakapata ndege ya kuwarudisha kwao. Waafrika waliitwa waasi.

Kati ya 1967 na uhuru napita haraka, ingawa kila mwaka una habari yake. Agosti 1964 Simba walifika hadi ndani ya Bukavu wakazuiwa na askari wa Luteni Kanali Léonard Mulamba, ambaye kwa sifa ya siku zile alikuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Mobutu. Jina lake limebaki Ibanda, kwenye Place Mulamba. Kabla yake, Krismasi ya 1960, askari wa serikali pinzani ya Gizenga kutoka Kisangani waliuchukua mji, na tarehe 1 Januari 1961 askari wa Mobutu wakajaribu kuurudisha wakipitia Rwanda-Urundi iliyokuwa bado chini ya Ubelgiji, wakashindwa. Ukiuliza mwaka ule nani alikuwa muasi na nani serikali, jibu lilitegemea umesimama upande gani wa Ruzizi.

Na nyuma yake kuna maasi ya askari ya tarehe 5 Julai 1960, katika Camp Hardy ya Thysville, siku tano tu baada ya uhuru. Jenerali Émile Janssens alikuwa ameandika ubaoni, mbele ya askari, kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Katika jeshi lake zima, Force Publique iliyorithiwa kutoka kwa Wabelgiji, hapakuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani. Askari wale walikuwa warithi wa walioshinda vita ambavyo Bukavu bado inavitaja kila siku bila kufikiri: Saïo, jina la kambi yetu, ni mji wa Ethiopia ambako Julai 1941 Force Publique iliwafanya Waitalia wa Jenerali Gazzera wasalimu amri. Walitembea na kusafirishwa kutoka Kongo hadi Ethiopia kwa ajili ya Ubelgiji iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani. Chini ya miaka mitatu baadaye, Februari 1944, kikosi cha Luluabourg kiliasi. Jeshi lilelile lililosifiwa kwa utii likaitwa la waasi.

Luluabourg inaturudisha kwenye chanzo. Tarehe 15 Septemba 1893, maofisa wa Dola Huru la Kongo walimpiga risasi Ngongo Lutete, mkuu aliyekuwa zamani chini ya mfanyabiashara Tippu Tip kisha akageuka kuwa mshirika wa Wabelgiji dhidi ya Waswahili na Waarabu wa mto Lualaba. Kesi yake ya uhaini iliendeshwa haraka haraka, na amri ya kamanda wao, Francis Dhanis, ya kusimamisha hukumu ilifika amekwisha kufa. Askari wake waliingizwa katika Force Publique. Julai 1895 walikuwa Luluabourg, chini ya kamanda Pelzer aliyejulikana kwa ukatili. Wakamuua. Wabelgiji wakayaita maasi ya Batetela, ingawa askari wa makabila mengi walikuwamo. Ni jina lililofaa serikali: kosa likawa la kabila, lisiwe la utawala.

Wimbi la pili lilikuwa kubwa zaidi. Dhanis huyo, aliyefanywa baroni kwa ushindi wake juu ya Waarabu, alitumwa na Leopold II, mfalme wa Ubelgiji na mwenye Dola Huru, pamoja na maelfu ya askari kuelekea Nile. Njia ilipita msitu wa Ituri, chakula kikaisha, wabebaji na askari wakafa njiani, na fimbo ya ngozi ya kiboko haikupumzika. Tarehe 14 Februari 1897, huko Ndirfi, kikosi cha mbele kiliasi na kuwaua maofisa wake. Wengine wakajiunga. Dhanis alirudi nyuma akiwa amempoteza hata ndugu yake. Waasi wakageuka kusini, wakafuata bonde la maziwa: Semliki, Ziwa Edward, Kivu, hadi karibu na Tanganyika.

Mwaka huohuo padri mmoja Mfaransa wa White Fathers, Auguste Achte, aliangukia mikononi mwao. Aliogopa wangemuua. Hawakumuua, wakamwambia kwamba hawana ugomvi na watu kama yeye, kisha wakamweleza kwa nini waliasi. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Mulamba, jina lilelile la mtetezi wa Bukavu wa 1964. Walimweleza habari ya ofisa aliyewapiga risasi askari sitini kwa siku moja kwa sababu walikataa kazi ya Jumapili, na ya mwingine aliyetia chumvi na pilipili kwenye vidonda vya mjeledi na kuamuru wagonjwa watupwe Lualaba wakiwa hai. Achte aliyaandika. Bila yeye, ushahidi wote tungekuwa nao kutoka kwa maofisa waliokuwa wakiwasaka, na ndiyo maana nayathamini maandishi yake kuliko ripoti zote za kijeshi za miaka ile.

Sasa tazama ramani. Dola Huru la Kongo lilidai ardhi hadi mashariki ya Ziwa Kivu, na lilikuwa limeweka kituo Shangi, ndani ya Rwanda ya leo, ambako mwaka 1896 lilipambana na jeshi la mwami, yaani mfalme, wa Rwanda. Waasi walipokuja, Wabelgiji waliviacha vituo vya Kivu na Ruzizi. Wajerumani kutoka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wakaingia mahali palipokuwa wazi. Kapteni Bethe alipofanya mapatano na Mbelgiji Hecq mwezi wa Novemba 1899, bendera ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kusimama pale. Mwaka 1900 mabaki ya waasi, pamoja na wake na wafuasi wao yapata elfu mbili, waliingia ardhi ya Wajerumani wakatoa silaha zao, wakapewa ruhusa ya kukaa.

Wabelgiji walirudi kulinda walichobakiza. Walijenga vituo vidogo vidogo ukingoni mwa ziwa, kimojawapo kwenye rasi ya Nyalukemba, na eneo la Ruzizi-Kivu likawekwa chini ya Paul Costermans. Costermans alipanda cheo hadi kuwa makamu wa gavana mkuu huko Boma, na mwaka 1905, uchunguzi wa ukatili wa Dola Huru ulipokuwa ukiendelea, alijiua. Mji uliokua juu ya vituo vile uliitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, kabla haujarudishiwa jina la Bukavu, ambalo kwa lugha ya Mashi ni mahali pa ng'ombe.

Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikaa Brussels wakamaliza ubishi. Kisiwa cha Idjwi kilipewa Kongo, pwani ya mashariki ya ziwa ikabaki kwa Wajerumani, na kutoka ziwani mstari ukateremka na Ruzizi hadi Tanganyika. Mwami Musinga wa Rwanda hakuitwa, wala bami wa Bashi wenye ng'ombe na mashamba ukingoni humo. Askari wa Ndirfi waliosababisha vituo viachwe walikuwa wakati huo wamekwisha kuwa chini ya utawala wa Wajerumani, ng'ambo ya mpaka ambao bado ulikuwa haujaandikwa walipouvuka.